Kabla ya Kulipa Ada ya Chuo cha Uvuvi, Uliza Mtoto Atashika Nini

Hotuba kwa wahitimu wa kidato cha nne, wazazi na walezi, Lindi mjini

Wazee wetu, mama zetu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Tumeitana hapa kuzungumzia kusomea uvuvi na ufugaji wa samaki. Sifa za bahari sitazisema, maana mnaishi nayo. Nitasema kazi.

Kusini hatujapungukiwa wavuvi. Kuanzia Somanga, Kilwa Kivinje na Songosongo, ukishuka Mchinga, Sudi, Mikindani mpaka Msimbati, watu wanajua kaskazi na kusi, wanajua bamvua na maji mafu, na hakuna chuo kilichowafundisha. Tuliopungukiwa nao ni watu wa kabla na baada ya kuvua: wa kuzalisha vifaranga, wa kutunza barafu na vyumba vya baridi, wa kufungua injini na kuifunga ikawaka, wa kupima samaki na kuandika takwimu ambazo mtu anaweza kuziamini. Kilwa Masoko iliwekewa jiwe la msingi la bandari ya uvuvi mwaka 2023. Bandari ya namna hiyo haiendeshwi na manahodha peke yao. Kwa hiyo kijana akisomea fani hii huku macho yote yako kwenye nafasi ya afisa uvuvi wa halmashauri, anajiweka kwenye foleni ndefu bila sababu. Nafasi hizo ni chache, na wenye shahada nao wanazigombea.

Vyuo vipo. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, una kampasi Mbegani kule Bagamoyo, Nyegezi Mwanza, Kibirizi Kigoma, Gabimori mkoani Mara, na Mikindani hapo jirani zetu. Mafunzo yanapanda ngazi ya 4, ya 5, kisha ya 6 ambayo ndiyo stashahada. Anayetaka shahada kuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, Morogoro na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sifa za kuingia kila kozi zimo kwenye mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi. Usomeni wenyewe, msisomewe na dalali.

Mzazi akifika chuoni asiishie kuuliza ada na bweni. Aulize bwawa la mazoezi lina samaki leo au limeota majani. Wanafunzi wangapi wanagombea hadubini moja? Boti ina injini inayowaka? Maji yanapimwa alfajiri na nani, mfanyakazi au mwanafunzi? Mafunzo ya nje ya chuo ni ya wiki ngapi, na yanafanyikia wapi? Mwanafunzi aliyekariri kwamba samaki anataka oksijeni miligramu 5 kwa lita, ila hajawahi kushika kipimo chenyewe, atafaulu mtihani na ataua samaki wa mtu mwezi wa kwanza kazini.

Niwaoneshe nina maana gani, tuanze na bwawa.

Kazi ya kwanza ni udongo. Juu kwenye uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, maji ni ya shida na sehemu kubwa ni kichanga. Huko bwawa la kuchimba tu halishiki maji. Labda tangi la saruji, au shimo lililotandikwa turubai la plastiki. Mabonde ya Ruvuma, Lukuledi, Mbwemkuru na Matandu yana nafuu, lakini usimchimbie mtu bwawa kwa kuamini jina la bonde. Chimba shimo la mita moja kwenda chini, ulijaze maji asubuhi. Jioni lijaze tena, kwa sababu maji ya kwanza yameliwa na udongo mkavu. Lifunike kwa majani mabichi. Kesho yake asubuhi, kama maji mengi bado yapo, endelea. Kama yamekwisha, umeokoa gharama ya bwawa zima kwa jembe moja na ndoo kadhaa.

Pwani kuna mtego mwingine, na huu unawanasa hata wenye fedha. Mtu anaona tambarare nyuma ya mikoko, maji ya chumvi yanaingia yenyewe, mawazo yanakwenda kwenye kufuga mwatiko, samaki wa maji ya chumvi. Mikoko ni msitu wa hifadhi, huikati bila kibali, hilo moja. La pili ni kwamba udongo wake una chuma na salfa zilizoshikana. Zikiwa chini ya maji hazina neno. Ukizichimbua zikapigwa na hewa, zinatengeneza tindikali. Kwenye tuta utaona madoa ya njano, maji yanachukua rangi ya kutu, na mvua kubwa ya kwanza ikiosha tuta, pH ya bwawa, yaani kipimo cha tindikali ambacho kikishuka maji yamekuwa makali, inaweza kushuka chini ya 4 na samaki wakafa kwa pamoja. Kuweka chokaa kila baada ya mvua ni kumwaga fedha. Kinachotakiwa ni kuchukua udongo wa kila tabaka mpaka kina utakachochimba, kuuweka kwenye mifuko iliyo wazi, kuulowesha kidogo usikauke, na kupima pH mwanzo na tena baada ya wiki nane. Ikiporomoka, pale hapachimbwi. Wiki nane zinamchosha mwenye shamba, najua, lakini fundi aliyesoma ndiye anayepaswa kumwambia asubiri.

Sasa tuseme tumepata mahali, tuna bwawa la mita 10 kwa 20 la perege. Kina ni sentimita 80 upande wa maji kuingia na mita 1.2 upande wa kutolea, tuta likiwa juu ya maji kwa sentimita 30 hadi 50. Kabla ya maji, sakafu inapigwa chokaa ya kilimo kilo 10 hadi 20 kwa kila mita za mraba 100, yaani kwa bwawa hili kilo 20 hadi 40. Mdomo wa bomba la kuingizia unafungwa wavu laini, kwa sababu kambale mwitu wachache wakiingia wadogo watakula vifaranga mpaka wewe ushangae hesabu imekwenda wapi.

Samaki wengi wa bwawani wanauawa na usiku. Mchana vijimea vya kijani vilivyomo kwenye maji vinatengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua. Jua likizama vinaacha kutengeneza na vinabaki kuitumia, pamoja na samaki wenyewe, pamoja na samadi na mabaki ya chakula yanayooza chini. Oksijeni inashuka usiku kucha na kufika chini kabisa karibu na mapambazuko. Bwawa lililopimwa saa nane mchana likaonekana zuri sana linaweza kuamka na samaki wanaoelea. Kipimo chenye maana ni cha saa kumi na moja na nusu alfajiri, ndiyo maana nikasema muulize nani anaamka.

Chini ya miligramu 3 kwa lita perege anapunguza kula na kukua. Ikikaribia 1, utawaona wamejaa juu, midomo nje, wanahema. Hapo ndipo mfugaji anapoharibu kabisa: anadhani wana njaa, anawamwagia pumba. Kinachotakiwa ni kusitisha chakula na samadi siku hiyo, kuingiza maji mapya yakianguka kutoka juu, au kurusha maji ya bwawa lenyewe kwa pampu mpaka jua lishike. Siku ya mawingu mazito punguza chakula tangu mchana, usingoje alfajiri ikuambie.

Wingi wa vijimea hupimwa kwa sahani ya duara ya sentimita 20, nusu imepakwa nyeusi nusu nyeupe, iliyofungwa kamba yenye vipimo. Ikipotea machoni kati ya sentimita 25 na 40, bwawa liko sawa. Ikipotea kabla ya 20, acha samadi. Ikionekana mpaka zaidi ya 50, maji yana njaa. Asiye na sahani atumie mkono wake: kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, kuna chakula cha asili cha kutosha.

Mchana nako kuna hatari yake. Vijimea vikila hewa ya ukaa, pH inapanda, na amonia iliyokuwa haina madhara inageuka sumu. Kwenye maji ya nyuzi 28, pH ikiwa 7, sehemu ya amonia iliyo sumu haifiki asilimia 1. pH ikifika 9, inakaribia asilimia 40. Amonia ni ileile, kipimo kilekile. Kwa hiyo anayepima amonia bila kupima pH na joto hajapima kitu.

Na sisi wa mikoa ya korosho tuna letu. Bwawa lililochimbwa pembeni mwa mikorosho linaharibiwa na dawa za wadudu zinazopuliziwa. Nyingi za jamii ya pairethroidi ni sumu kali kwa samaki hata kwa kiasi kidogo mno. Salfa ya unga peke yake si tatizo kubwa hivyo, shida ni dawa ya maji dhidi ya wadudu, na upepo. Tena mtu anasuuza bomba la kupulizia kwenye mfereji huohuo unaolisha bwawa! Msimu wa kupulizia ukianza, mlango wa maji ufungwe na jirani ajulishwe mapema.

Perege ana tabia moja inayokatisha tamaa: anazaa akiwa bado mdogo, hata gramu 30 hadi 50 kwenye bwawa lililobanana. Baada ya miezi sita mfugaji anavua maelfu ya visamaki vya kidole. Ndiyo maana wanafugwa madume watupu, ambao pia hukua haraka kuliko majike. Kituo cha kuzalisha vifaranga hutumia chakula chenye homoni ya kiume ili vifaranga wawe madume, miligramu 60 kwa kilo ya chakula, kwa siku 21 hadi 28 tangu mtoto aanze kula. Kazi hiyo inafanywa kwa glovu na kwa mpangilio wa maji machafu, si ya kujaribia nyumbani.

Njia ya pili ni ya macho na vidole, na kila mwanafunzi wa fani hii anapaswa kuijua usingizini. Samaki akifika gramu 30 hivi, mgeuze tumbo juu kwenye kitambaa chenye maji. Nyuma ya tundu la haja kubwa kuna kijinyama kilichochomoza. Kwa dume kina tundu moja nchani, la mkojo na mbegu pamoja. Kwa jike kina matundu mawili, moja la mkojo na jingine la mayai, ambalo ni kama kijimstari kilicholala. Pakaza tone la rangi ya buluu ya maabara, mstari ule utajitokeza. Mwenye mkono mwepesi anamaliza samaki mmoja kwa sekunde chache bila kumchubua ute. Anayeshika kwa mkono mkavu anamwachia jeraha, na siku chache baadaye ukungu mweupe unaota palepale.

Neno moja la haraka juu ya mbegu, yaani vifaranga wa kupanda. Sato wa Ziwa Victoria, ambaye ni jamii ya perege, asibebwe tu kwenye ndoo na kumwagwa bonde la Ruvuma. Ruvuma ina perege wake wa asili, wakichanganyika hawatenganishiki tena. Uliza kibali Idara ya Uvuvi kwanza.

Chakula ndicho kinachokula faida, kwa hiyo hesabu ni sehemu ya kazi ya mikono. Bwawa letu lina mita za mraba 200. Ukipanda vifaranga 3 kwa mita, ni 600. Baada ya miezi miwili hivi unavuta wavu, unatoa samaki 50, unawapima kwenye ndoo: kilo 2.5. Wastani gramu 50. Chukulia asilimia 90 wapo hai, ni samaki 540, jumla kilo 27. Ukiwalisha asilimia 4 ya uzito wao, siku moja ni kilo 1.08, igawe mara tatu. Baada ya siku 14 umetumia kilo 15 na kidogo. Unapima tena, wastani umekuwa gramu 70. Umepata kilo 10.8 za nyama kwa kilo 15 za chakula, uwiano wa 1.4. Hiyo nzuri. Ukikuta 2.5, usimlaumu muuza chakula kabla hujatafuta: huenda samaki wamepungua kwa ndege na kenge na wewe unalisha idadi ya kwenye daftari, huenda chakula kinayeyuka kabla hakijaliwa, huenda ni Julai na maji yamepoa.

Lindi tunalima ufuta, na mashudu yake yana protini karibu asilimia 40. Pumba ya mahindi ina karibu 10. Unataka 30? Toa kwa mshazari: 30 kutoa 10 ni sehemu 20 za mashudu, 40 kutoa 30 ni sehemu 10 za pumba. Kilo mbili kwa moja. Ila mashudu ya ufuta yana upungufu wa lisini, kijenzi kimoja cha protini, kwa hiyo sehemu yake ibadilishwe na dagaa waliosagwa, vinginevyo samaki wanakula vizuri na hawakui. Na mashudu yaliyohifadhiwa yakaota ukungu yatupwe. Usiyakaushe juani ukadhani sumu imeondoka.

Nihamie feri, samaki wanakoshushwa na kuuzwa, maana huko ndiko fedha inapopotea mbele ya macho yetu.

Samaki akitolewa baharini kwenye joto la nyuzi 30, kwa hesabu ya joto tu kilo moja inahitaji gramu 320 hivi za barafu kushuka hadi sifuri. Mbona basi tunafundisha kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki? Kwa sababu barafu iliyobaki inapigana na joto linaloingia kupitia ukuta wa kasha na kila mara mtu anapofunua kifuniko. Kasha bovu linakula barafu kuliko samaki. Barafu ivunjwe ndogondogo. Bonge linamgusa samaki sehemu moja tu, tena linamponda. Weka tabaka la barafu chini, samaki, barafu, samaki, malizia na barafu. Aliyetumbuliwa alazwe tumbo chini ili damu ichuruzike. Tundu la kutolea maji liwe wazi: samaki aliyelala kwenye maji ya damu anaoza hata kama ni ya baridi. Kisha ingiza kipimajoto mpaka karibu na uti wa mgongo. Ngozi baridi haithibitishi chochote.

Kwa jodari, vibua na nguru, kuchelewesha barafu kuna hatari nyingine iitwayo histamini. Bakteria hutengeneza kemikali hiyo kwenye nyama ya samaki hawa wanapoachwa kwenye joto. Mlaji uso unamuiva, kichwa kinamgonga, mwili unawasha, anaharisha, na watu wanasema ana aleji. Ikishaingia kwenye nyama haitoki kwa kukaanga, kuchemsha wala kugandisha, na samaki anaweza kuwa hana harufu mbaya. Soko la Ulaya huchukua sampuli 9 kwenye shehena: wastani usizidi miligramu 100 kwa kilo, zisizidi sampuli mbili kati ya 100 na 200, na yoyote ikipita 200 shehena inakataliwa. Makosa yanayofukuza shehena hiyo yalifanyika siku ya kuvua, botini, saa chache za kwanza. Kiwandani hayarekebishiki. Ndiyo maana kazi ya msimamizi wa ubora inayoanzia botini ni kazi ya kweli, na mwenye kuijua hatafutiwi mdhamini.

Mengine nayapitia. Injini ya mipigo miwili: nyingi huchanganywa mafuta kwa petroli 1 kwa 50, mililita 20 kwa lita, lakini soma kitabu cha injini husika. Kila ikitoka baharini isuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Mchirizi wa maji ya kupoozea ukidhoofika, zima na ufungue pampu, feni yake ya mpira imekwisha au mchanga umeziba. Boti za faiba: kigandishi huwa asilimia 1 hadi 2 ya gundi, na kamwe kisichanganywe moja kwa moja na kichapuzi cha kobalti, vinalipuka. Nyavu: ujue kushona, ujue pia kwamba wavu wa mita 100 ulionyooshwa ukifungwa kwa uwiano wa 0.5 unakupa mita 50 kwenye kamba. Pweza: aliye chini ya gramu 500 haruhusiwi kuvuliwa, kwa hiyo mizani ya mkononi ni kifaa cha kazi.

Mwani unawafaa wasiotaka kungoja. Vigingi, kamba, miche ya gramu 100 hivi, wiki sita unavuna. Mwani wa aina ya kotoni una bei kubwa kuliko wa aina ya spinosamu, lakini maji ya kina kifupi yakipata joto kali matawi yanageuka meupe na kukatika. Tiba yake ni kuhamia kina kirefu, si kuongeza miche palepale. Kaa wa mikokoni hunenepeshwa kwenye vizimba vya vyumba vya mmojammoja, kwa sababu wakichanganywa, anayejivua gamba anageuka chakula cha wenzake usiku huohuo.

Kwa vijana mtakaoomba, kabla ya muhula kuanza jifunzeni kuogelea. Kuna wanafunzi wanaofika chuoni wametoka pwani na hawajui, na mazoezi ya boti hayamsubiri mtu. Nunueni daftari gumu la kuandikia kwa penseli, wino unafutika ukilowa. Barua ya maombi ya mafunzo ya vitendo iandikeni mapema, na muombe mahali penye kazi chafu: kituo cha vifaranga, chumba cha barafu, karakana ya injini, au Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ambayo imekuwepo tangu mwaka 2000. Mkipelekwa ofisini kupanga mafaili, rudini kwa mwalimu wenu mara moja muombe kuhamishwa, kwa sababu wiki hizo hazirudishwi.

Tuchukue maswali, tuanze na wazazi.